Siku tano zisizo na maelezo

Juzi nililetewa hati ya kiapo ya kurasa nane, ya kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, niipitie kabla haijapelekwa Mahakama Kuu. Karibu yote inaeleza jinsi mleta maombi alivyosingiziwa wizi. Kuchelewa kumetajwa aya ya mwisho tu: "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu."

Kwenye maombi ya kuongezewa muda hakuna anayekuuliza kama uliiba. Unaulizwa siku zako zilikwenda wapi.

Hapa Tanzania, anayekata rufaa ya jinai Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatoa notisi ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha anawasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda uliotumika kungojea nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu hauhesabiwi. Ukichelewa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu jaji kuipokea rufaa ukionyesha sababu ya msingi.

Sababu ya msingi ni ipi? Sheria haikuitafsiri. Mahakama hurejea sana shauri la Lyamuya Construction, ambalo wala si la jinai: eleza muda wote wa kuchelewa, ucheleweshaji usipitilize, onyesha bidii na si uzembe, au onyesha dosari ya kisheria kwenye uamuzi. Hiyo ya mwisho watu huikimbilia mno. Dosari inatakiwa ionekane wazi kwenye kumbukumbu za kesi, si ile inayohitaji hoja ndefu kuifukua.

Turudi kwa mteja wetu. Hukumu ilisomwa tarehe 3 Machi. Notisi akaitoa na nakala akaziomba siku hiyohiyo. Nakala alizipata 20 Mei, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa 4 Julai. Tarehe 28 Juni akalazwa, akaruhusiwa 12 Julai. Maombi yako tayari kuwasilishwa 18 Julai. Cheti cha hospitali kinambeba mpaka tarehe 12. Kuanzia 13 hadi 17 ni siku tano, na kiapo kimenyamaza. Wakili wa Serikali hataangalia kingine.

(Kama notisi nayo ingekuwa imechelewa, angeomba muda wa vyote viwili. Wengi huomba wa rufaa peke yake, wakarudi kuanza upya.)

Kwa aliye gerezani hali ni tofauti kidogo, maana karatasi zake hupitia kwa mkuu wa gereza. Akisema zilikwama ofisini humo, kiapo chake peke yake hakitoshi. Mkuu wa gereza, au ofisa aliyezipokea, naye aape. Ukimtegemea mtu mwingine kwenye jambo la msingi, mlete aseme mwenyewe.

Kiapo kile nimekirudisha kikiwa na kurasa mbili. Ndugu wa mteja anatafuta tiketi ya basi ya tarehe 15, siku ambayo mteja alisafiri kumfuata wakili.