Je, wajua kwa nini herufi O huchorwa ndefu kuliko H?

Tafuta neno HOTELI lililochapwa kwa herufi kubwa za kutosha kupimika, iwe kwenye kalenda ya ukutani au bango la dukani. Weka rula iguse vichwa viwili vya H, kisha ufuate ukingo wake hadi kwenye O. Mara nyingi utaona O imechungulia juu ya rula. Shusha rula kwenye miguu ya H, utaona O imezama chini yake pia. Mtambo haukukosea. Aliyeichora fonti hiyo aliifanya O kuwa ndefu kuliko H kwa makusudi, na alifanya hivyo ili wewe uone zimelingana.

Mimi nililijua jambo hili nikiwa na brashi mkononi, Ngamiani, hapa Tanga. Nilikuwa likizo baada ya mwaka wa kwanza wa kusomea usanifu wa michoro, na mama mdogo alikuwa anafungua hoteli ya chai na vitafunwa. Akanipa kibao nimwandikie. Nikakipigia mistari ya penseli kwa uangalifu wote: kila herufi kimo cha sentimita 20, kila nafasi kati ya herufi na herufi sentimita 3. Nikapaka mkono wa kwanza wa rangi. Akapita mzee mmoja ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuandika vibao vya maduka na majina ya vyombo vya baharini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona O yako imedumaa?"

Nikachukua rula nikampimia. H 20, O 20. Hata hakuitazama.

"Rula haiji kunywa chai hapa," akasema. "Wanaokuja wana macho."

Nikavuka barabara, nikageuka kutazama. Alisema kweli. O ilionekana kama mtoto aliyesimamishwa kati ya watu wazima wawili.

Sababu yake unaweza kuijaribu mezani. Chukua chungwa la Muheza na boksi lenye kimo sawasawa na chungwa hilo, uviweke bega kwa bega. Chungwa litaonekana fupi. Boksi linafika juu kwa upana wake wote, lakini chungwa linafika juu kwa kitone kimoja tu, na kuanzia hapo mabega yake yanateremka pande zote. Jicho halishughuliki sana na kile kitone. Linapima pale ambapo mwili wa kitu umejaa, na mwili wa chungwa umejaa chini kidogo ya kilele chake. Ndivyo lilivyo duara la O kando ya H. H imekanyaga mstari kwa miguu miwili bapa. O imeugusa tu na kuondoka.

Kwa hiyo O huongezwa. Katika fonti nyingi ziada hiyo ni kama asilimia 1 hadi 2 ya kimo cha herufi, juu, na kiasi kama hicho chini. Kwa kibao changu cha sentimita 20 ilikuwa milimita 2 hadi 4 kila upande. Wachora fonti wa leo hufanya kazi kwenye uwanja ambao mara nyingi umegawanywa katika vipimo 1,000. H ikiwa na kimo cha 700, si ajabu O ikaanzia 10 chini ya mstari na kuishia 710. C, G, Q na S hupewa ziada hiyohiyo. U na J huzama chini tu, kwa kuwa juu ni bapa. Na A ikiwa na ncha kali kabisa, ncha hiyo huhitaji kuchomoza hata kuliko O, maana ncha hugusa mstari kwa eneo dogo zaidi.

Chuoni walikuwa wametufundisha majina ya mistari: mstari ambao herufi husimama, mstari wa vichwa vya herufi kubwa, mstari wa kimo cha herufi ndogo. Niliyajua yote. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba kila mmoja wa mistari hiyo ni ahadi kwa jicho, na herufi nyingine huitimiza kwa kuuvuka.

Baada ya O, mzee alinionyesha T. Nilikuwa nimeupa mguu wake wa wima na mkono wake wa mlalo unene mmoja, na mkono ukaonekana mzito, kama boriti iliyowekwa juu ya nguzo nyembamba. Jicho huona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima hata vikiwa na unene mmoja, kwa hiyo mlalo hupunguzwa. Tazama fonti ya Futura, aliyoichora Mjerumani Paul Renner na ikatoka mwaka 1927. Sifa yake ni kuonekana kama imepigwa kwa bikari na rula. Ikuze sana kwenye kompyuta, uchungulie pale duara la b au d linapokutana na mguu: mstari umepunguzwa unene, la sivyo wino ungeonekana umerundikana hapo.

Jaribio la tatu halihitaji hata rula. Chukua gazeti lenye S, B au 8 kubwa, uligeuze juu chini. Ghafla herufi hizo zitaonekana zina vichwa vikubwa vinavyotaka kuanguka. Zilipokuwa wima, tumbo la juu lilikuwa dogo kuliko la chini na wala hukuligundua, kwa sababu katikati ya jicho iko juu kidogo ya katikati ya rula.

Lakini kazi iliyonichukua siku nzima ilikuwa nafasi. Hapa ndipo mwanafunzi anaposhindana na rula mpaka achoke, na hapa ndipo ningependa kila anayeanza akae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Sentimita zangu 3 nilizipima kutoka ukingo wa herufi hadi ukingo wa inayofuata. Kati ya E na L zilitosha. Kati ya O na T lilifunguka pengo la kupitisha mtu, kwa sababu mabega ya O yanakimbia na chini ya mkono wa T hakuna kitu. Kati ya L na I, mguu wa L ulisogea hadi karibu na I lakini juu yake palibaki uwazi. Mapengo yote yalikuwa na upana mmoja, na hakuna hata moja lililofanana na jirani yake. Jicho linapima eneo lote la uwazi kati ya herufi mbili. Umbali wa ukingo hadi ukingo ni sehemu ndogo tu ya habari.

Mzee alinifundisha hivi: jifanye unamimina mchele kati ya herufi, uujaze kutoka mstari wa chini hadi wa juu. Kila pengo liingie kibaba kimoja, lisizidi wala lisipungue. Ukifuata kibaba, herufi mbili zenye miguu iliyonyooka, kama H na I, zitakaa mbali kuliko zote. Iliyonyooka na ya duara zitakaribiana. Duara na duara zitakaribiana zaidi. T na A zitaingiliana kabisa, kichwa cha A kikiingia chini ya mkono wa T.

Sasa nenda pwani uangalie majina ya vyombo. Jina moja linalopendwa mwambao mzima ni TAWAKAL, na sijui neno gumu kulizidi kwa anayejifunza nafasi. T na A, A na W, W na A, A na K, K na A, A na L: kila jozi ina mteremko au shimo. Mwandishi hodari huanza na pengo ambalo hawezi kulipunguza, kisha huyafungua mengine yalifikie hilo. Anayeanza, kama nilivyoanza mimi, huyabana yale rahisi, na neno hukatika vipandevipande.

Na Kiswahili hakituhurumii. Viambishi vyetu ni WA, YA, TA, KA, na karibu kila neno letu huishia kwenye irabu, mara nyingi hiyohiyo A. Tandika kanga yenye maneno WATASEMA MCHANA USIKU WATALALA, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu kama ilivyo desturi ya kanga, uhesabu miteremko iliyomo katika neno la mwisho peke yake. Kwa hiyo unapochagua fonti ya bango la Kiswahili, usiijaribu kwa sentensi ya mfano iliyokuja nayo. Iandike WATALALA, uitazame. Fonti ambayo nafasi zake hazikutunzwa itajifichua hapo hapo.

Ugumu huu ni wa tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa Tanga, katika shule ya serikali, na uchapaji wa siku hizo ulikuwa wa herufi za madini ya risasi. Kila herufi ilikuwa juu ya kipande chake. Kipande cha T kina upana wa mkono wake, kipande cha A kina upana wa miguu yake, na vipande viwili vya madini haviingiliani. Fundi aliyetaka T na A zisogeleane ilimbidi akate au asage pembe ya kipande, au atumie herufi iliyosubiwa mkono wake ukining'inia nje ya kipande. Siku hizi fonti nzuri huja na orodha ya jozi ndani yake, na kompyuta huisoma na kuzivuta herufi zinazohitaji kuvutwa. Fonti nyingi za bure hazina orodha hiyo, au zina fupi mno, na hapo jukumu hurudi kwako.

Kipande hichohicho cha risasi ndicho jibu la swali jingine linalowasumbua wanafunzi: kwa nini saizi 12 ya fonti moja ni kubwa kuliko saizi 12 ya nyingine? Pointi moja kwenye kompyuta ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo pointi 12 ni kama milimita 4.2. Pima H yoyote ya saizi 12, hutaipata milimita hizo. Saizi ilikuwa kipimo cha kipande kilichobeba herufi, na mchoraji alikuwa huru kuijaza nafasi hiyo au kuiachia uwazi. Risasi imeondoka, kipimo chake kimebaki.

Nisieleweke kwamba kupima ni kazi bure. Wazee wa pwani hii walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walirithi hati yenye vipimo vikali. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, anatambuliwa kuwa ndiye aliyeiwekea hati hiyo utaratibu wa uwiano: kalamu ikikandamizwa huacha nukta yenye umbo la msambamba, na kimo cha alifu huhesabiwa kwa nukta hizo. Kipimo kinatoka kwenye ncha ya kalamu yenyewe, kwa hiyo kalamu ikinenepa, hati nzima inakua nayo. Mimi naona huo ni upimaji wa hekima sana kuliko sentimita zangu 20.

Yupo pia padri Edward Catich, Mmarekani aliyekuwa mwandika vibao Chicago kabla ya upadri. Mwaka 1968 alitoa hoja kwamba herufi za Kirumi zilizo chini ya mnara wa Trajan kule Roma, wa mwaka 113, hazikuanza na patasi. Ziliandikwa kwanza kwenye jiwe kwa brashi bapa, ndipo zikachongwa kwa kufuata alama za brashi. Aliyajua hayo kwa mkono wake, kwa sababu alijua brashi inavyogeuka inapomaliza mguu wa herufi. Herufi za jamii ile ndizo mama wa herufi kubwa tunazotumia leo, zile za kibao cha mama mdogo zikiwemo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wa Ngamiani siku ile ile.

Kuna mahali ziada ya O huleta madhara. Kwenye skrini yenye nukta chache, yaani vile vitone vya mwanga vinavyounda picha, herufi ya saizi ndogo inaweza kuwa na kimo cha nukta 7 au 8 tu. Huwezi kuongeza asilimia 2 ya nukta 8. Kidogo kabisa unachoweza kuongeza ni nukta nzima, na O itachomoza kama kidole kilichovimba. Kwa hiyo fonti nyingi hubeba maagizo yanayoiamuru O irudi kwenye mstari inapoonyeshwa ikiwa ndogo, kisha iruhusiwe kuuvuka tena inapokuzwa.

Na kuna O isiyohitaji ziada hata kidogo. Iangalie ile ya jezi nyingi za mpira, ambayo haina duara: ni mstatili uliokatwa pembe nne. Juu yake ni bapa, chini ni bapa, inakanyaga mstari kama H. Ukiipandisha hata milimita moja, jicho litakuambia mara moja kwamba imezidi.