Flounder si kuzama

Wasomaji wengi wa habari za Kiingereza wakikuta kampuni inafanya "flounder" hudhani imeshafilisika. Sivyo. Anayefanya hivyo bado yumo kwenye purukushani: anatapatapa, hajui ashike wapi. Ng'ombe aliyenasa kwenye tope, kila akichomoa mguu huu ule mwingine unadidimia zaidi, huyo ndiye hasa. Vilevile mtahiniwa anayeanza sentensi, anaikatiza, anaanza nyingine, macho darini.

Kinachovuruga ni "founder", lenye herufi moja pungufu. (Lile la mwanzilishi tuliache, ni neno jingine.) Kitenzi hiki kimetoka Kifaransa cha kale, na shina lake la Kilatini, fundus, maana yake ni sehemu ya chini kabisa. Meli ikijaa maji ikaenda chini, ndiyo hiyo. Edmund Fitzgerald, meli ya mizigo ya Marekani, ilizama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na watu wake wote 29. Hapo kitenzi ni "founder". Kampuni inayotapatapa inaweza kuinuka, iliyozama ndiyo basi tena. Hata wenye lugha yao huyachanganya, tena magazetini.

Wapo pia wanaosema kitenzi "flounder" kimetokana na samaki bapa wa jina hilohilo, eti kwa vile akivuliwa hurukaruka. Hadithi tamu, lakini jina la samaki lina asili ya Skandinavia. Kitenzi hudhaniwa kuwa ni "founder" lenyewe lililogeuzwa matamshi, pengine kwa kuvutwa na "blunder", yaani kuboronga.