Je, wajua? Aliyekatazwa kutoa ushahidi alikujaje kuwa hakimu?

Mwaka 1873 wapiga kura wa Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas, walimchagua Mifflin Wistar Gibbs awe hakimu wa mji. Anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata kiti cha namna hiyo kwa kura. Lakini miaka ya 1850, huko California, mtu huyuhuyu hakuruhusiwa hata kupanda kizimbani kueleza alichokiona kwa macho yake, ikiwa mshtakiwa ni mzungu.

Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, akafiwa na baba angali mtoto, akajifunza useremala. Mwaka 1850 alifuata mkumbo wa waliokimbilia dhahabu California. San Francisco ilikuwa ikijengwa kwa kasi na maseremala walitakiwa, ila mafundi wazungu walitishia kuacha kazi akiajiriwa. Ikambidi ang'arishe viatu vya wapita njia. Baadaye yeye na mwenzake Peter Lester wakafungua duka la viatu na mabuti, likashamiri.

Humo dukani ndimo lilimotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza maisha yake yote. Ulizuka ugomvi juu ya jozi ya mabuti, mteja mzungu akamcharaza Lester bakora, Gibbs akitazama. Lester angeinua mkono kujikinga, angepigwa risasi. Na Gibbs angemshtakia nani? Sheria ya jimbo ya mwaka 1850 ilikataza mtu mweusi, chotara au mwenyeji wa asili kutoa ushahidi katika kesi ya jinai dhidi ya mzungu. Mtu angeweza kukuibia mchana kweupe mbele ya mashahidi kumi, na wote kumi wasihesabike.

Weusi wa California hawakunyamaza. Kuanzia 1855 walifanya mikutano mikuu na kukusanya saini ili sheria hiyo ifutwe, na Gibbs alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa gazeti lao, Mirror of the Times. Mwaka 1857 yeye na Lester waligoma kulipa kodi ya kichwa, kwa hoja kwamba asiye na haki ya kupiga kura hadaiwi kodi hiyo. Bidhaa zao zikakamatwa na kunadiwa. Hakuna aliyetaja bei, zikarudishwa dukani. Mimi huipenda sana sehemu hii, maana wanunuzi pale mnadani walikuwa wazungu.

Sheria ile ilikuja kulegezwa kwa weusi mwaka 1863, lakini Gibbs alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1858 yeye na mamia ya wenzake walihamia Victoria, mji katika koloni la Waingereza ambalo leo ni sehemu ya Kanada. Huko alichaguliwa diwani mwaka 1866, na huko ndiko alikoanza kusoma sheria kwa wakili Mwingereza. Masomo aliyamalizia katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Marekani.

Kwa nini basi Arkansas? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe utumwa ulikuwa umekomeshwa, na katiba mpya ya jimbo ya mwaka 1868 ikawapa wanaume weusi kura. Gibbs alifika mwaka 1871 akiwa na elimu ya sheria mkononi, mwaka uliofuata akapewa kibali cha uwakili, na mwaka mmoja baadaye akachaguliwa kuwa hakimu. Hakukaa sana kitini: mwaka 1874 chama cha Demokrati, ambacho wakati huo kilipinga haki za weusi, kilirudi madarakani Arkansas, na milango mingi ikaanza kufungwa tena.

Mwaka 1897, Gibbs akiwa amepita miaka sabini, Rais McKinley alimteua awe balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, bandari ya Madagaska inayoitwa sasa Toamasina. Seremala aliyenyimwa kazi San Francisco akaiwakilisha nchi yake katika Bahari ya Hindi hadi 1901. Alifariki Little Rock mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 92.