"Nikamdhania"

Wapo wanaouliza kama Kiswahili kina neno la kumkatia mtu shauri kabla ya ushahidi. Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Kampala. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, hivyo shahidi akisema Kiswahili, maneno yake hupita kinywani mwangu kabla hayajamfikia hakimu. Siku moja mama mmoja kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alisema: "Usiku nikamwona anasukuma pikipiki bila kuwasha injini, nikamdhania." Akanyamaza. Wakili akamngoja amalizie. Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ina ladha gani.

Kwake sentensi ilikuwa imekwisha. "Nilidhani mvua itanyesha" haimuumizi mtu. Lakini ingiza kinyambuo cha kutendea, kudhani kuwe kudhania, kisha umtaje mtu: hapo wazo limeshamwangukia mtu kichwani, na mara nyingi ni wazo baya. Wapo wanaotumia kudhani na kudhania kwa maana moja, sina ugomvi nao. Ila mwambie jirani "nilikudhania" uone atakavyokunja uso.

Jamaa za neno hili ni nyingi na watu huzichanganya. Anayeshuku bado ana shaka, anaweza kuuliza. Anayetuhumu ameshatamka. Anayeshtaki amefika polisi, na kuhukumu ni kazi ya hakimu. Hata neno hukumu limetoka shina moja na cheo chake, hakimu. Kudhania hutangulia yote hayo, kimyakimya moyoni. Ndiyo maana nasema hilo ndilo neno letu la kukata shauri kabla ya ushahidi, wala hatuhitaji kuunda jipya. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe au akiri mwenyewe. Kumdhania ni kinyume chake kabisa.

Tatizo langu ni Kiganda. Okuteebereza hubeba kubahatisha na kushuku kwa pamoja, kwa hiyo Mganda akisema "nilimdhania" huenda alikuwa anakisia tu. Siwezi kumtafsiri kama mama wa Arua.

Siku ile niliomba ruhusa ya hakimu nimuulize mama: ulimdhania nini?

"Mwizi, mwanangu. Kumbe mafuta yalikuwa yamemwishia."

Kesi yenyewe ilikuwa ya vijana waliompiga mwenye pikipiki.