Gari la jeshi haliharibiki? Lala chini yake kwanza

Nimeisikia tena wiki hii, pale Mikindani, kutoka kwa kijana aliyesimama kunitazama nikipiga grisi. "Njomba, unajichosha bure. Hilo gari la jeshi, haliharibiki." Nikamwitikia tu, mikono ilikuwa michafu. Ila sasa nimenawa, na siku hizi kuna na video zile za wazungu walionunua vifaru vya zamani wanavyovichezea mashambani kwao. Kila nikitumiwa moja inakuja na maneno yaleyale: chuma kitupu, hakina haja ya gereji. Basi leo tuongee.

Nina Land Rover 109 Series III iliyotoka jeshini, ile ya volti 24. Nimeipaka rangi nyeupe kwa sababu sipendi maswali barabarani. Si ya biashara, haibebi korosho wala abiria. Ni starehe yangu, kama wenzangu wanavyopenda mpira.

Gari la jeshi lilisanifiwa ili likiharibika porini, mtu mwenye spana chache alitengeneze na safari iendelee. Hicho ndicho watu wanachokiita uimara. Kila asubuhi kuna dereva anayewajibika kupima oili, kupiga grisi, kukaza nati na kuandika kwenye kitabu cha gari. Nyuma ya dereva kuna karakana, na nyuma ya karakana kuna stoo ya spea. Ukinunua mnadani unapewa gari. Dereva, kitabu, karakana na stoo vinabaki kambini.

Vifaru na magari ya deraya, yaani yaliyovikwa mabamba mazito ya chuma ya kuzuia risasi, ni hivyo hivyo, ila kwa uzito mkubwa zaidi. Watu wanaitazama deraya nene wanadhani ndiyo gari lenyewe. Deraya haizunguki, haina oili, haina waya. Inaweza kukaa mvuani miaka na isikudai chochote. Kinachokufa ni sili za mpira, hozi, waya, betri na breki, vitu laini vilivyojificha ndani ya hiyo deraya ambapo mkono haufiki. FV432, gari la deraya la cheni la kubebea askari la Waingereza, ambalo wapenzi wa mchezo huu kule kwao wanalipenda sana, lina uzito wa tani kama 15. Sili ya shilingi chache ikivuja ndani yake, unaweza kulazimika kunyanyua injini nzima kuifikia. Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kiko kwenye makumbusho ya Bovington, Uingereza. Makumbusho nzima, mafundi wake wote, na bado wanakiendesha siku chache tu kwa mwaka. Waliowahi kufanya kazi na tingatinga hawahitaji kuambiwa habari za cheni: pini na bushi zinalika, cheni inarefuka, inaanza kupanda meno ya sproketi. Cheni ya kifaru nayo ni hivyohivyo.

Na sisi watu wa kusini ndio tusiopaswa kabisa kudanganyika. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya mradi wa karanga wa Waingereza, na reli ya kwenda Nachingwea, iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa ya mradi huohuo. Walileta nini kufyeka pori? Mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Matingatinga yaliyotumika na jeshi la Marekani yalinunuliwa hadi Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikaunda trekta kutokana na kifaru cha Sherman, wakaliita Shervick. Vyuma vya vita, imara kuliko vyote! Mengi yakafa mapema kwa kukosa spea, mafundi na madereva waliofunzwa, na udongo nao ukamaliza kazi. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Kila nikipita Nachingwea nawakumbuka wahasibu wao.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa. Kuna wanaokubali kwamba gari linahitaji matunzo, halafu wanasema: basi ndiyo maana nalipumzisha. Kulipumzisha! Gari la zamani linakufa kwa kusimama, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, linakufa upesi. Mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani. Gari likitembea, pistoni ndogo za kwenye magurudumu zinacheza na unagundua tatizo mapema. Likisimama, maji yanatulia palepale, kutu inakula ukuta wa silinda, na siku unalitoa gurudumu moja limeshika na jingine halina breki kabisa. Tazama lile tufe la kung'aa kwenye ekseli ya mbele, pale gurudumu linapokatia kona. Ukiendesha na kukata kona, sili inalipangusa na kuliachia utando wa oili. Ukiliacha miezi upepo wa kusi unapuliza kutoka baharini, linatoboka vidoti vya kutu, na siku ukikata kona vidoti vile vinaichana sili kama msasa. Oili yote chini. Halafu unasikia mtu anasema Land Rover kwa asili yake inavuja.

Jibu la hao wapumzishaji ni kwamba wanaliwasha kila Jumapili, dakika tano, wanazima. Afadhali wasingeliwasha. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Injini haijapata moto, mvuke unageuka matone ndani ya ekzosi na mengine yanashukia kwenye oili, na betri imetoa umeme mwingi wa stata bila kurudishiwa. Ama uliendeshe mpaka lipate moto sawasawa, breki zifanye kazi na gia zote ziguswe, ama uliache. Mara ngapi? Hapo kila fundi ana namba yake. Yangu nimeirithi kwa aliyenifundisha, na ukinibana siwezi kuitetea.

Kuhusu chesisi, ile fremu inayobeba gari, pia sina jibu safi. Watu wanagonga bodi kwa kidole wanasema haina kutu. Bodi ni ya aloi ya alumini, kutu nyekundu itaipata wapi? Ugonjwa wake ni unga mweupe pale inapogusana na chuma. Chesisi ndiyo ya chuma, tena ni boksi lililo wazi ndani, na kutu inaanzia ndani usikoona. Vitabu vinasema puliza nta maalumu. Mimi napuliza oili chafu, maana ndiyo niliyonayo. Nadhani kutu imepungua kasi, ila sijawahi kuikata chesisi nikaona, kwa hiyo huenda najifariji. Na najua oili hiyo ikidondokea bushi za mpira inazivimbisha. Nimechagua kupoteza bushi.

La kirungu cha njano, kile cha kuingiza ekseli ya mbele ili magurudumu yote manne yavute, nitalisema haraka. Series haina difu ya katikati, gia inayoziacha ekseli mbili zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukibonyeza kirungu kwenye lami ya Masasi eti kwa sababu mvua inanyesha, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye kona, ekseli ya mbele inasafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma, tairi haliwezi kuteleza kwenye lami, na shafti zinajisokota mpaka kitu kikatike. Mchanga wa Msimbati unaruhusu tairi kuteleza, ndiyo maana huko ni sawa. Deraya za magurudumu za Waingereza, Ferret na Saracen, zina tabu hiihii kwa ubaya zaidi, na wenye nazo hupandisha gurudumu kwenye ukingo wa barabara makusudi ili shafti zijifungue.

Na volti 24: ni betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Fundi redio atakuambia achukue umeme kwenye betri moja tu, "hakuna shida". Shida ipo. Hiyo moja itakuwa na njaa daima, ya pili itachajiwa kupita kiasi, na utanunua zote mbili. Weka kipunguza volti, au endesha bila muziki.

Ukienda mnadani, usiulize limetembea kilomita ngapi, na wala usishangilie likiwa limetembea kidogo. Uliza limesimama tangu lini. Beba nyundo ndogo, lala chini, anzia nyuma karibu na viungo vya springi, gonga chesisi mpaka mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito isiyo na mwangwi, na wakati mwingine nyundo inaingia. Mwuzaji atakuambia acha kugonga, unaharibu gari. Endelea kugonga.