Kwa nini Trixie Mattel huchora macho yake juu ya mashavu?

Ukitazama picha ya Trixie Mattel kwa karibu, kitu cha kwanza kinachokataa kukaa sawa ni macho. Ukingo wa chini wa jicho umeshuka kidole kizima na kutua juu ya shavu, na nafasi iliyobaki kati yake na jicho lenyewe imejazwa rangi nyeupe. Kope za bandia za chini zimepangwa huko chini kabisa, mahali ambapo kwa watu wengine hupita machozi tu. Nyusi nazo zimepanda hadi katikati ya paji la uso. Akipepesa, kope yake halisi hufunga sehemu ya juu, na ile nyeupe ya kuchorwa hubaki wazi ikikutazama.

Huyu ni mtu mwenye kampuni yake ya vipodozi. Sasa kwa nini ajipake hivyo?

Trixie ni jina la jukwaani la Brian Firkus, Mmarekani aliyezaliwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 1989. Kazi yake ni sanaa ya dragi: mwanamume anapanda jukwaani akiwa amevaa na kujipamba kike, anachekesha, anaimba, anaigiza. Umaarufu aliupata kupitia RuPaul's Drag Race, shindano la runinga lililoanza kurushwa 2009. Humo washiriki hushona, huigiza na kuchekesha, na wiki hadi wiki wawili waliofanya vibaya zaidi husimama mbele ya majaji kuigiza wimbo kwa midomo. Kwa kawaida mmoja hubaki, mwenzake hufungasha virago.

Jibu ambalo watu hulitoa upesi ni kwamba anajaribu kufanana na mwanamke, ila amepitiliza. Jibu hilo lina nusu mbili, na hakuna hata moja inayosimama.

Tuanze na kufanana. Kama hilo ndilo lengo, basi kila hatua imekwenda kinyume. Mwanamke gani ana nyusi mahali hapo? Nani ana nyonga zilizochongwa kwa sponji, na wigi ya njano iliyotutumka hadi kuuzidi upana uso wenyewe? Mwanamume anayetaka kupita sokoni asigutukiwe na mtu hufanya mambo mengine kabisa. Hupunguza, huchanganya rangi mpaka isijulikane imeanzia wapi, hujitahidi vipodozi vifiche kwamba ni vipodozi. Wapo wasanii wa dragi walio mabingwa wa mtindo huo, na ukipishana nao mlangoni huenda usitambue lolote. Hiyo ni shule nyingine. Uso wa Trixie haumdanganyi mtu, na haukutengenezwa kumdanganya mtu.

Nusu ya pili, ya kupitiliza, inadhani kwamba kuna kipimo sahihi na kwamba mkono umeteleza. Lakini tazama picha zake za miaka tofauti. Mstari mweusi uko palepale, weupe uko palepale, kivuli cha shavu kinakata kwa pembe ileile. Kabla ya runinga aliwahi kufanya kazi dukani, kwenye kaunta za vipodozi, akiwapaka na kuwauzia wateja wa kawaida, kwa hiyo uso wa kila siku anaujua vizuri. Asiyejua kuchanganya rangi hakosei mahali palepale kila usiku kwa miaka kumi.

Kuna dhana kubwa zaidi nyuma ya hizo mbili: kwamba mwanamume akicheza nafasi ya kike jukwaani, sharti watazamaji wasadiki. Historia ya maigizo haisemi hivyo. Nchini Japani, tangu wanawake walipopigwa marufuku kwenye majukwaa ya kabuki, maigizo ya jadi ya huko, mwaka 1629, nafasi zao huchezwa na wanaume waliopakwa uso mweupe kama chokaa. Uingereza nako, hadi 1660, nafasi za kike zilichezwa na wavulana. Watazamaji walijua walichokuwa wakikitazama na walikifurahia vilevile.

Kama anayeigwa si mwanamke, ni nani? Jina lake la pili linatoboa siri. Mattel ni kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, watengenezaji wa Barbie tangu 1959. Jina la kwanza lina asili chungu: amesimulia mwenyewe kwamba baba yake wa kambo alikuwa akimwita Trixie kwa kumdhihaki, kila alipoonekana ana tabia za kike. Akalichukua, akalibandika jina la kiwanda, na uso akautoa kwa mwanasesere.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kidogo. Barbie ana urefu wa sentimita 29 hivi, na jicho lake ni la milimita chache tu, limechorwa juu ya plastiki. Jicho la kawaida likipunguzwa hadi ukubwa huo hugeuka nukta. Ili mtoto alione, mchoraji wa kiwandani alilazimika kulitia chumvi: kope nene, mstari mzito, weupe wa kutosha, nyusi iliyokaa mbali. Trixie alichukua mchoro huo uliokwisha kutiwa chumvi, akaurudisha kwenye kichwa cha mtu mzima. Ndiyo maana ukisimama naye uso kwa uso unaona kitu cha ajabu. Hukukusudiwa usimame hapo.

Umbali ndio kiini cha yote, na hesabu yake ni nyepesi. Jicho la binadamu likifunguka, uwazi wake wa juu hadi chini ni kama sentimita 1. Mtazamaji mwenye macho mazima huanza kuchanganya vitu viwili vikikaribiana kuliko dakika 1 ya nyuzi, kipimo cha pembe na si cha muda, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Ukiwa mita 20 kutoka jukwaani, ile sentimita 1 ya jicho inachukua dakika 1.7 hivi. Maana yake iko ukingoni kabisa mwa kile unachoweza kukibainisha. Unajua msanii ana macho kwa sababu watu huwa nayo. Anatazama wapi, anakonyeza au anashangaa, hilo huwezi kuliona.

Sasa kumbuka ile chati ya herufi kwenye kliniki ya macho. Herufi za mstari wa mtu mwenye macho mazima huchukua dakika 5 za nyuzi. Kwa umbali wa mita 20, hiyo ni herufi ya karibu sentimita 3. Jicho la kawaida ni theluthi ya herufi hiyo. Lishushe hadi shavuni, lipandishe hadi chini ya nyusi mpya, na limefika palepale panaposomeka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba yupo msanii wa dragi aliyepiga hesabu hizi. Wamefika hapo kwa kupaka, kupigwa picha kutoka nyuma ya ukumbi, na kupaka tena.

Wakazi wa pwani wana mfano wake karibu. Majahazi ya Lamu huwa na jicho kila upande wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo: kisahani cha duara kilichopakwa rangi. Ukisimama nalo bandarini ni ubao na rangi tu. Halina kope, halina unyevu, halifanani na jicho la samaki wala la mtu. Chombo kikiwa mkondoni, mbali, hujiulizi: kile kina uso, na kinatazama kinakokwenda. Fundi hakushindwa kuchora jicho. Alichagua vitu viwili vinavyosalia baada ya umbali kumeza vingine vyote, duara na tofauti kali ya rangi, akavikuza hivyo hivyo viwili na kuacha vilivyobaki. Trixie amefanya hivyo hivyo, isipokuwa omo ni pua yake.

Ile tofauti kali ya rangi ina utafiti wake. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Richard Russell alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba, kwa wastani, macho na midomo ya wanawake huachana zaidi na rangi ya ngozi inayoyazunguka kuliko ya wanaume. Kisha akachukua uso mmoja usioeleweka ni wa kike au wa kiume. Alipoongeza tofauti hiyo watu wakauona wa kike, alipoipunguza wakauona wa kiume, na umbo halikuguswa. Ndiyo kusema wanja na rangi ya mdomo vinabonyeza swichi iliyokwishakuwepo. Nyuso alizopima zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya na ya Asia Mashariki, kwa hiyo tusiharakishe kuifanya kanuni ya dunia nzima. Vilevile husemwa sana kwamba binadamu tuna weupe wa macho kuliko nyani wengine ili tuweze kufuatana macho. Inavutia, na ingeeleza vizuri ile rangi nyeupe shavuni, ila tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba tofauti yetu na sokwe si kubwa kama ilivyotangazwa.

Kamera za runinga hazina umbali. Zinakuja hadi puani. Mwaka 2015 Trixie aliingia msimu wa 7 akiwa mmoja wa washiriki 14, akatolewa katika kipindi cha 4, akarudishwa katika kipindi kilichowapa waliotolewa nafasi ya pili, akatolewa tena, akamaliza wa 6. Vipodozi havikumtoa, kwa kuwa shindano hupima mambo mengi, lakini ni kweli kwamba uso wa ukumbini ulikuwa umewekwa chini ya kioo cha kukuzia. Mshindi alikuwa Violet Chachki.

Kilichofuata ndicho cha ajabu. Mwaka 2016 Trixie na mwenzake wa msimu huohuo, Katya, walianza kipindi cha mazungumzo kwenye YouTube kiitwacho UNHhhh, watu wawili wamekaa wakizungumza mambo yasiyo na mbele wala nyuma. Watu huchagua video kwa vipicha vidogo kwenye simu. Uso wa sentimita 1 kwenye simu iliyo sentimita 35 kutoka machoni huonekana kwa ukubwa uleule wa mtu halisi aliye karibu mita 8. Simu ilirudisha umbali ambao kamera ya runinga ilikuwa imeuondoa. Hiyo ni tafsiri yangu, na ucheshi wao una sehemu kubwa kuliko wanja, lakini jaribu kuutafuta uso wake katikati ya vipicha ishirini uone ni sekunde ngapi.

Mwaka 2018 alirudi kwenye toleo la washiriki wa zamani, All Stars 3, na huko mambo yalikwenda mrama kwa namna ya kufurahisha. BenDeLaCreme, aliyekuwa akiongoza kwa ushindi, alijiondoa mwenyewe. Fainali ikaja na jambo jipya: waliotolewa ndio waliopiga kura ya nani waingie wawili wa mwisho. Shangela, ambaye watazamaji wengi walimpa taji mapema, akaachwa. Wakaingia Trixie na Kennedy Davenport, na Trixie akaondoka na dola 100,000.

Muziki niupitie haraka: gitaa alifundishwa na babu yake alipokuwa akikulia mashambani kaskazini mwa Wisconsin, na albamu yake ya kwanza, ya nyimbo za kantri zenye huzuni kuliko mavazi yake, ilitoka 2017. Mwaka 2019 alianzisha Trixie Cosmetics, na baadaye akanunua moteli Palm Springs, California, akaipaka waridi kila pembe huku runinga ikirekodi ukarabati. Kampuni yake ya vipodozi inawauzia watu wasio na nia yoyote ya kuchora jicho shavuni. Wananunua rangi ya kope ya kwendea kazini kutoka kwa mtu ambaye uso wake hauwezi kwenda kazini popote isipokuwa kwake.

Zimebaki nyusi, na swali lake huulizwa karibu sawa na la macho: zile halisi zinakwenda wapi? Haziendi popote. Kwa wasanii wengi wa dragi ziko palepale, zimelazwa chini ya gundi ya kijiti, ileile ya watoto wa shule. Inayopendwa Marekani ni ya zambarau inayopoteza rangi ikikauka, kwa hiyo unaona ulipopaka. Unasugua kijiti kinyume na mwelekeo wa nywele ili gundi iingie hadi kwenye shina, kisha unachana kwenda juu na kuzilaza bapa. Unasubiri ikauke. Unapaka tena, unasubiri tena. Juu yake inakuja poda ya kuondoa unata, kisha rangi ya machungwa, kwa sababu nywele nyeusi chini ya faundesheni hutoa ukijivu wa buluu. Faundesheni huja mwisho, na paji linakuwa ukuta mtupu. Ukiharakisha hatua moja, saa mbili baadaye vinyweleo vinaanza kusimama kimoja kimoja.

Gundi hiyo hupendwa kwa sababu huyeyuka kwa maji na hutoka bila kung'oa nywele. Shida ni kwamba jasho nalo ni maji, na taa za jukwaani zina joto. Ndiyo maana wapo walioamua kunyoa moja kwa moja. Wanaokoa muda mrefu mbele ya kioo kila usiku, na mchana wanapiga picha za kitambulisho wakiwa na paji lisilo na kitu.