Kriatini: monohidrati, haidrokloridi na nyinginezo

Kriatini, inayouzwa pia kama unga wa kuongeza nguvu za misuli, hutengenezwa na mwili wenyewe kutokana na asidi amino tatu: arjinini, glaisini na methionini. Mwili hutoa takriban gramu 1 kwa siku. Nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Sehemu kubwa hukaa kwenye misuli na kurudisha nguvu upesi katika kazi za sekunde chache, kama kunyanyua vyuma. Anayekula zaidi posho, matooke na maharage huipata kidogo sana, na mara nyingi ndiye huona tofauti kubwa akianza kuitumia.

Majina kwenye makopo ya unga wa kriatini yanatofautiana kwa kile kilichoshikamana na kriatini. Monohidrati imeshikamana na maji, na kriatini yenyewe ni asilimia 88 ya uzito. Haidrokloridi ina asilimia 78. Ni kweli haidrokloridi huyeyuka haraka zaidi, lakini monohidrati nayo hufyonzwa karibu yote tumboni, kwa hiyo faida hiyo inaishia kwenye glasi. Kopo likikwambia miligramu 750 za haidrokloridi zinatosha, piga hesabu: hapo kuna kriatini miligramu 585 tu, ilhali gramu 5 za monohidrati zina gramu 4.4. Esta ya ethili, aina nyingine ya kriatini, iache kabisa. Sehemu kubwa hugeuka kriatinini, ambayo ni taka, kabla ya kufika kwenye misuli. Ukiuziwa "mchanganyiko" usiotaja gramu za kila aina, rudisha kopo rafuni.

Nunua monohidrati tupu. Kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku ya mapumziko. Misuli hujaa baada ya wiki nne hivi. Mwenye haraka hunywa gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku 5 hadi 7. Ukizibugia zote kwa mkupuo mmoja unaweza kuharisha.

Unga ukibaki chini ya glasi, tumia maji ya uvuguvugu, kisha suuza glasi na unywe hayo pia. Usiukoroge kwenye juisi ya pasheni ukaiweka hadi kesho: asidi huuharibu polepole. Kuongezeka kilo 1 au 2 wiki ya kwanza ni maji ndani ya misuli, si mafuta.

Mgonjwa wa figo asiguse bila daktari. Hata aliye mzima, akienda kupima damu, amweleze mhudumu kwamba anatumia kriatini, maana kriatinini, ambayo hutumika kupima afya ya figo, inaweza kupanda kidogo na figo zikashukiwa bure.